Kurasa Zilizofungia Njugu

Harufu ya njugu zinazokaangwa hunifanya nigeuze uso. Watu hudhani sizipendi. Juzi mjukuu wangu aliniletea, bado za moto, akaniambia, "Dani, kula," nami nikamjibu kwamba meno ya bibi yake hayawezi. Uongo mtupu. Meno yangu huvunja hata mfupa wa kuku. Ukweli ni kwamba nikisikia tu ile harufu ya mchanga wa moto, na chumvi, na maganda yanayoanza kuungua, narudi mtaa wa Manyatta, kwenye nyumba yetu ya chumba kimoja, mwaka ule niliokuwa Kidato cha Pili, na jambo nililolifanya naliona kama limetokea leo asubuhi. Nimelificha muda mrefu. Sasa nawaambia ninyi, mnihukumu mpendavyo.

Mama yangu alikuwa mkaanga njugu. Kila alasiri aliteleka karai kwenye jiko la makaa nje ya mlango, akamimina mchanga safi wa ziwani, na mchanga ulipopata moto akatia njugu, akawa anazigeuza kwa mwiko mrefu huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya puani. Zikishapoa alizifunga katika vikaratasi alivyovisokota mfano wa pembe ya mbuzi, akavipanga kwenye kikapu, akaenda kuviuza stendi ya basi. Kutafuta karatasi ilikuwa kazi yangu. Muhula ukiisha niliyatia madaftari yangu ya zamani katika katoni chini ya meza, naye akawa anachana moja moja hadi yaishe. Mama hakwenda shule hata siku moja. Hesabu, jiografia, barua ya serikali, yote kwake yalikuwa nyayo za sisimizi. Alichojali ni kama karatasi ni laini na inasokoteka bila kupasuka.

Na mimi, Mungu anirehemu, nilimwonea haya. Shule yetu ya harambee ilikuwa upande wa pili wa mji, na huko hakuna aliyejua kwetu. Wasichana wenzangu walikuwa na baba makarani wa reli na mama walimu. Walipouliza mama yangu anafanya kazi gani, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni nesi." Sasa uongo ukishazaliwa lazima uulishe kila siku, na wangu niliulisha ukanenepa. Nilisema ana zamu ngumu, ndiyo maana haonekani siku ya wazazi. Nilisema ana saa ya kubana kifuani. Mama yangu, ambaye saa yake ilikuwa honi ya gari la moshi!

Mwaka huo mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Onyango, alituletea riwaya. Alikuwa mtu mwembamba mwenye tai fupi iliyomwishia kifuani, na alizipenda hadithi kiasi cha kujisahau, akajifuta macho kwa mkono wenye chaki akabaki na uso mweupe mbele yetu. Riwaya yenyewe ilitokea katika nchi moja ya kusini iliyotawaliwa na wazungu. Wavulana wawili, Jona mweusi na Hendriki mzungu, wanashikwa kwa kosa la pikipiki ya mtu iliyochukuliwa bila ruhusa ikavunjwavunjwa. Wote wawili wanapelekwa shule ya kurekebisha tabia, zile ambazo watu wa kwetu waliziita jela ya watoto. Kumbe hata huko kuna milango miwili. Hendriki analala kwenye nyumba ya matofali yenye maua mbele, anafundishwa useremala. Jona analala kwenye banda la mabati, chini, na kazi yake ni kupasua mawe. Na aliyeichukua pikipiki ni Hendriki peke yake. Jona alikuwa anapita njia tu. Anapigwa, anaulizwa, anapigwa tena, na Hendriki ananyamaza kimya.

Yawa, tulivyomchukia Hendriki! Uhuru ulikuja tukiwa wadogo, na wazazi wetu bado walisimulia klabu ile ya ziwani ambamo mtu mweusi aliingia tu akiwa amebeba trei. Kwa hiyo tulisoma kwa hasira ya kurithi. Mwalimu Onyango akiuliza mkosaji katika hadithi hii ni nani, darasa zima lilinguruma, "Wazungu!" mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti zaidi.

Vitabu vilikuwa kumi, sisi tulikuwa arobaini. Kila kitabu kilikuwa na watu wanne, kikatembea kwa zamu, mkono kwa mkono, siku mbili kwangu, siku mbili kwako. Sheria ilikuwa moja: kikiharibika, wa kujibu ni yule aliyekutwa nacho. Kitabu cha kundi letu kilikuwa kimechoka kweli. Jalada lilishatoka, na kurasa za katikati zimelegea kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Aliyepokea kutoka kwangu alikuwa Okello.

Okello alikuwa ametoka katika shule kama ile ya kitabuni. Alishikwa akiwa na miaka kumi na mitatu, karibu na reli, amesimama kando ya gunia la sukari lililopasuka. Wakubwa waliolipasua walikuwa wameshakimbia. Alikaa huko miaka miwili, kisha akaachiliwa kwa masharti: asome, na asisikike na kosa lolote mpaka afikishe miaka kumi na minane. Afisa wa probesheni alikuja kila mwezi kumuulizia kwa hedimasta. Kosa moja tu, anarudishwa. Hayo tuliyajua sote. Mwalimu akimwita jina, aliruka wima, mikono nyuma, macho ukutani, na wavulana wakacheka wakimwita Mfungwa. Hakuwajibu. Alikuwa na miaka kumi na sita na alitunza viatu vyake kuliko mwalimu yeyote.

Siku moja Mwalimu Onyango alituuliza kwa nini Jona hamtaji Hendriki hata anapopigwa. Wengine walisema ni mjinga, wengine mwoga. Mwalimu mwenyewe akasema huenda mwandishi aliteleza hapo, kwa sababu binadamu gani angekubali. Ndipo Okello akainua mkono, mara ya kwanza tangu nimjue. Alianza kwa Kiingereza kikamshinda, akaomba ruhusa aseme Kiswahili.

"Mwalimu, kule mtu hatajangi mwenzake," alisema. "Ukitaja mmoja, hawa wengine wote hawakuamini tena. Na huko hauna mtu mwingine, ni hao tu. Fimbo inaisha. Lakini ukibaki peke yako, hiyo haiishi."

Mwalimu Onyango aliandika maneno hayo ubaoni kwa Kiingereza chake cha kunyooka, nami nikayanakili kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, nikayapigia mstari.

Zamu yangu iliangukia Jumamosi na Jumapili. Jumapili baada ya kanisa nilikaa mlangoni nikisoma, nikafika pale Jona anapopelekwa kupigwa mara ya pili. Jirani akanipigia kelele kwamba maji yametoka kwenye bomba. Maji yakitoka Manyatta humalizi sentensi. Nilikitupa kitabu ndani, nikashika ndoo, nikakimbia. Sikutazama nilipokitupa. Kilikuwa juu ya katoni la madaftari ya zamani.

Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi jiko lilikuwa limepoa na mama ameshaondoka na kikapu chake. Kitabu kilikuwa sakafuni. Katikati palikuwa na pengo. Karatasi kumi na mbili, zimetolewa taratibu, hata hazikuacha ncha. Mama alikuwa na mkono mwepesi.

Nilikimbia mpaka stendi ya basi huku kifua kikiniwaka. Nikamkuta mama anang'ung'una wimbo, kikapu kitupu miguuni. "Nyathina, mwanangu, leo zimeisha haraka," akaniambia kwa furaha. Mimi macho yangu yalikuwa chini. Nilitafuta chini ya mabasi, kwenye mtaro, miguuni mwa watu, nikapata karatasi mbili tu, moja imekanyagwa na gurudumu, nyingine imelowa mafuta na chumvi. Nyingine zilikuwa zimepanda basi, zinakwenda Busia, zinakwenda Kakamega, na Jona wangu ndani yake. Mama akashangaa, "Unaokota taka?" Nikamwambia nimeangusha kalamu, na yeye, maskini, akainama kunisaidia kuitafuta.

Kwa nini sikumwambia pale pale? Kwa sababu nilimjua. Angeamka Jumatatu asubuhi, afunge kitambaa chake cha kanisa, aende kwa hedimasta na kusema mbele ya watu wote: mimi mkaanga njugu ndiye nimechana kitabu, sijui kusoma, nisameheni. Na hapo unesi wote ungemwagika. Niliiona picha hiyo kichwani nikaona heri ardhi inimeze.

Jumatatu niliziminya vizuri kurasa zilizobaki, nikakifunga kitabu kwa uzi, nikampa Okello. Akapokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea kila kitu. Jumanne asubuhi alinifuata kwenye ua wa shule.

"Akinyi, karatasi zingine za katikati hakuna."

"Mimi nilikupa kikiwa kizima," nikasema.

Alinitazama kidogo. Nadhani alinipa nafasi. Kisha akasema, "Sawa," akaenda zake.

Alhamisi Mwalimu Onyango alitaka tusome kwa sauti sura ile ya kupigwa. Akamwita Okello. Okello akasimama, mikono nyuma, kitabu kikiwa juu ya dawati. Mwalimu akakichukua, akafunua, akaona pengo. Sura yote ya fimbo haipo. Hakukasirika, na hilo ndilo baya. Alimtazama Okello kwa huruma, akamwekea mkono begani. "Najua sura hii imekuuma," alimwambia. "Lakini kuchana kitabu cha shule, kijana wangu?" Hakuuliza kama ni yeye. Alimhurumia kwa kosa ambalo alishampa. Nyuma darasani mtu akasema, "Mfungwa ni mfungwa tu," na watu wakacheka kidogo kidogo.

Tuliitwa wote wawili ofisini, kwa sababu zamu zilijulikana. Hedimasta alikuwa mtu wa maneno machache. Alinigeukia mimi kwanza. "Akinyi, ulimpa kitabu kikiwa kizima?" Karatasi zile mbili zilikuwa ndani ya mkoba wangu, mkoba uko begani, harufu ya njugu naisikia mwenyewe. Nikasema, "Ndiyo." Akatikisa kichwa, akamwambia Mwalimu Onyango kwamba binti wa nesi hawezi kufanya ushenzi wa namna hiyo. Kisha akamgeukia Okello: "Na wewe unasema nini?"

Okello alikuwa anatazama ukuta. Nilisubiri anitaje. Wallahi nilitamani anitaje, kwa sababu ningekana, na tungekuwa wawili tunaobishana, na mtu angeulizauliza mpaka ukweli utoke wenyewe bila mimi kuutoa. Akasema, "Sina neno, hedimasta. Kitabu ilikuwa kwangu."

Ijumaa afisa wa probesheni alikuja na gari la serikali. Okello aliyarudisha madaftari ya shule juu ya meza ya mwalimu, akayasawazisha pembe kwa pembe. Mwalimu Onyango alikuwa amesimama dirishani akitazama nje. Okello alipita karibu na dawati langu na hakunitazama. Niliusikia mlango wa gari ukifungwa, nikaendelea kuchora mstari chini ya kichwa cha habari. Mstari huo niliupitia mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka. Jioni hiyo nilizitia zile karatasi mbili jikoni, na mama akakaanga njugu juu ya moto wake, akaniuliza mbona leo nimekuwa msaidizi.

Ukafika mtihani wa mwisho wa muhula. Swali la riwaya lilikuwa: kwa nini Jona alinyamaza? Nilikuwa na maneno ya Okello kwenye daftari langu, nimeyapigia mstari. Niliyaandika yote, nikayapamba, nikaongeza na laana kali kwa Hendriki. Nikawa wa kwanza. Mwalimu Onyango alisoma insha yangu mbele ya darasa, akasema msichana huyu ana moyo wa kuyaelewa mateso ya wengine. Wakanipigia makofi. Ningependa kuwaambia kwamba nilitoka nje nikatapika. Sikutapika. Nilifurahi. Nilifurahi kuanzia kengele hiyo mpaka nilipofika nyumbani, na mama akauliza furaha ni ya nini, nikashika ndoo nikaenda bombani.

Miaka ilipita. Nikaenda chuo cha ualimu. Likizo moja nilirudi nikamkuta mama kwenye karai lake, anawasimulia majirani habari zangu: mtoto wangu huyu hajawahi kunipa aibu, hajawahi kunidanganya. Majirani wakaitikia. Walipoondoka nilianza kulia, na nilipoanza sikuweza kuacha, na nilimwambia kila kitu, kuanzia nesi mpaka gari la serikali. Aliacha kugeuza njugu. Zikaungua zote kwenye karai, moshi ukajaa uani, wala hakuziondoa.

"Kwa hiyo ni mimi nilichana," alisema mwishowe. "Na wewe ukanificha, kama mtu anaficha kidonda." Nikamwambia sikujua nifanye nini. "Ulijua," akanijibu. Kisha akauliza kwao Okello ni wapi. Nikasema ni Usenge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Akasema, "Kesho tunaenda."

Alifunga kitambaa chake cha kanisa. Njia nzima katika basi nilitunga hotuba kichwani, nzuri kabisa, kama insha. Usenge tuliuliza ufukweni, tukaonyeshwa mtu mrefu mwenye ndevu anayetandaza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, akizipapasa zisilaliane. Alipotuona alijifuta mikono. Mimi alinijua mara moja. Alimletea mama kigoda, lakini mama hakukaa.

"Mwanangu," mama alisema, "zile karatasi za kitabu, ni mimi nilichana. Nilifungia njugu. Mimi sijui kusoma, niliona ni karatasi tu. Nimekuja kukuomba msamaha."

Okello alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu aliyefunzwa kusikiliza. Akamwambia, "Mama, wewe hauna kosa. Wewe hukujua kusoma. Huyu alikuwa anajua." Hakupandisha sauti, wala hakuninyooshea kidole. Akamweleza mama, si mimi, kwamba alikaa kule mpaka miaka kumi na minane, na alipotoka alijaribu shule mbili, zote zikauliza alikuwa wapi, zikamwambia nafasi zimejaa. Sasa ana sehemu ya mtumbwi. Maisha yanakwenda, alisema.

Nilisimama pale na hotuba yangu, na kwa mara ya kwanza nikaielewa ile riwaya niliyopata alama zote. Sisi tulipiga kelele "Wazungu!" na kwa kuwa mimi si mzungu nikajiona niko salama, mimi ni wa upande wa Jona kwa kuzaliwa. Kumbe Hendriki hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji tu watu waliokwisha kuamua, kabla ya kuuliza, yupi kati ya wale wawili ni mwizi. Kwao waliamua kwa ngozi. Kwetu waliamua kwa mikono iliyowekwa nyuma. Mimi nililijua hilo nikiwa na miaka kumi na mitano, ndiyo maana nilimpa kitabu bila hofu. Nilimpa nikijua atakayeaminiwa ni nani.

Mama alinisukuma mgongoni. Hotuba yote ilipotea. Nikasema tu, "Okello, ni mimi. Nilikuwa na karatasi mbili kwenye mkoba siku ile. Nisamehe."

Alinitazama machoni, jambo ambalo hakulifanya ofisini wala siku ile alipopita karibu na dawati langu. Akasema, "Nimesikia." Kisha akaninyooshea mkono, tukasalimiana kama watu wanaoonana mara ya kwanza, akarudi kuzigeuza omena zake kabla jua halijapungua.

Hakusema amenisamehe. Alisema amesikia. Nimekaa na neno hilo tangu siku ile, na sijaona kwamba nina haki ya kumdai lingine.